Kiti cha Mgeni katika Nchi ya Takrima

Kila nchi ina neno lake la kumpokea mtu mlangoni. Katika nchi ya Takrima neno hilo ni "kaa". Huulizwi umetoka wapi wala umefuata nini. Unaambiwa ukae, na maji ya kunawa yanakuja yenyewe. Mwatime alilipenda neno hilo tangu alipofika, maana alikuwa msichana mwenye haya, na mtu mwenye haya akiwa ugenini hatafuti kingine zaidi ya mahali pa kukaa asionekane.

Alikuwa mwalimu kijana, aliyezoea kusema na watoto wa darasa la pili na kunyamaza mbele ya watu wazima. Macho yake, hata hivyo, hayakuwa na haya. Yaliangalia kila kitu na kutaka kujua kila kitu, na mara nyingi yalimponza mwenyewe.

Alipokelewa nyumbani kwa Kazija, Mwangalizi wa Afya wa nchi nzima, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Kazija aliishi na mama yake, Bi Zamda, na mdogo wake, Shomvi, fundi baiskeli. Mchana ule walikula mkekani, ingawa penye kichwa cha mkeka palikuwa na kiti kizuri cha mninga, kitupu, kimevikwa koti jeusi la kiume. Mbele ya kiti palipakuliwa wali na mchuzi kama walivyopakuliwa wengine.

"Kuna mtu anakuja?" Mwatime aliuliza taratibu.

"Ameshakuja," Bi Zamda alimjibu. "Hicho ni kiti cha Mgeni."

"Nilidhani mgeni ni mimi."

Bi Zamda alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe ni mgeni wetu, mwanangu. Utakula, utalala, utakwenda zako. Huyo ni Mgeni wa nchi. Alikuja kabla sijazaliwa na mpaka leo hajaaga."

Mgeni, walimweleza, alikuja mwaka wa ukame mkubwa, visima vilipokuwa vinatoa tope. Alileta kinywaji kitamu cha rangi ya zambarau ndani ya chupa, kinaitwa Faraja, na watu waliokuwa wanalamba umande wakakinywa wakalia kwa furaha. Uso wake hakuna aliyeukumbuka. Kilichobaki ni koti aliloliacha kitini siku ya karamu, na kampuni yake, ambayo sasa ilitengeneza Faraja katika kila mji. Kwa shukrani, Watakrima waliweka kiti na koti la mfano wake katika kila nyumba, kila shule na kila zahanati. Tena wakatunga sheria mbili. Ya kwanza, chakula hakisemwi vibaya mbele ya aliyekileta, kwani hilo ni tusi. Ya pili, chakula hakisemwi vibaya nyuma ya aliyekileta, kwani hilo ni kusengenya.

Mwatime aliuliza kama kuna mahali pa tatu, si mbele wala si nyuma. Waliangaliana. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Shomvi aliingia wakati wanamaliza, kijana mcheshi, mabega mapana. Alikuwa na kandambili mguu mmoja. Mguu wa pili ulikuwa mtupu, na nyuma yake, sakafuni, aliacha alama za damu kutoka mlangoni hadi mkekani.

"Shomvi, kiatu chako kiko wapi?" mama yake alimuuliza.

Shomvi alitazama chini. "Kumbe," alisema, kama mtu aliyeonyeshwa kifungo kilichokatika. "Nimekanyaga bati, nadhani. Wala hauumi." Akachukua chupa ya Faraja kwenye sanduku la barafu, akaiinua, akanywa mpaka nusu. "Dawa ya uchovu hii."

Kazija alifumbua mdomo. Akalitazama koti. Akaufumba tena, na mikono yake ikaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia.

Ndipo Mwatime alipouona vizuri mguu wa Bi Zamda, au tuseme mahali pake. Ulikatwa hospitali baada ya kidonda kidogo cha kidole ambacho mama huyu hakukisikia mpaka kilipoanza kunuka. Pembeni yake ulilala mkongojo wa rangi ya zambarau, uliochorwa chupa ya dhahabu juu mpaka chini.

"Zawadi ya Mgeni," Bi Zamda alisema, akiupangusa kwa ncha ya kanga. Hakuwa anadhihaki. "Zamani watu walikuwa wakipewa mti mtupu. Mimi nilibahatika."

Walipokuwa uani wakiosha vyombo, Kazija alimweleza mgeni wake kilichokuwa kinamnyima usingizi. Kesho yake Baraza lingejadili sheria yake. Sheria yenyewe ilikuwa ndogo: kila chupa ya Faraja ichorwe mguu uliofungwa bandeji.

"Kwa nini picha?" Mwatime aliuliza. "Kwa nini usiandike maneno?"

"Maneno ni kusema. Picha haisemi, kwa hiyo haitukani wala haisengenyi. Nimeitafuta njia hiyo muda mrefu, mdogo wangu." Kazija alisuuza kikombe kilekile mara ya pili. "Sheria yangu imeshakataliwa mara mbili. Ikikataliwa mara ya tatu inazikwa, na aliyeileta ndiye anayechimba kaburi. Tena akishazika, haruhusiwi kuligusia jambo lile maisha yake yote, kwa neno wala kwa picha."

"Hata nyumbani?"

Kazija alikuwa anamwangalia Shomvi, aliyekaa kizingitini akijifunga kitambaa mguuni na kupiga mluzi, akikaza fundo kwa nguvu kama mtu anayefunga mzigo wa mwenzake.

*

Makaburi ya sheria yako nyuma ya jengo la Baraza. Ni mahali pazuri, pana maua na njia za kokoto, na mawe yote ya makaburi yametolewa na Kampuni ya Mgeni. Mwatime alipita akiyasoma. Jiwe moja liliandikwa: *Sheria ya Maziwa ya Kopo. Ilifariki ikisubiri utafiti.* Jingine: *Sheria ya Moshi. Ilifariki ghafla baada ya chakula cha mchana.* Penye kona palikuwa na kajiwe kadogo: *Sheria ya Chumvi. Ilizaliwa Jumatatu.* Hapakuandikwa zaidi.

Kando ya shimo lililopimwa kwa kamba alisimama mwanamume mtanashati, mwenye tabasamu la mtu aliyelala vizuri. Huyu alikuwa Bwana Fadhloun, Mshika Koti, yaani msemaji wa Mgeni katika Takrima. Yeye ni Mtakrima, amezaliwa mtaa wa pili kutoka kwa akina Kazija.

"Dada Kazija, umeamkaje? Na mama je?"

"Hajambo."

"Mkongojo unamfaa? Kama umelegea, aseme, tutamletea mwingine." Akamkabidhi jembe lenye mpini uliofungwa utepe. "Nimekutafutia jepesi. Ardhi ya hapa ngumu, na wewe mikono yako ya ofisini."

"Baraza halijakaa, Fadhloun."

"Ndiyo maana nimewahi. Koti la barazani nimelipeleka kupigwa pasi, si unajua, kwa ajili ya maziko. Haifai Mgeni ahudhurie msiba na mikunjo."

Kazija alilipokea jembe, kwa kuwa kukataa kitu unachopewa ni utovu wa adabu, akaingia nalo ndani. Mwatime alibaki nyuma kidogo. Alitaka kujua kama Sheria ya Chumvi iliishi hata ikafika Jumanne.

Aliposhtuka, kengele ilikuwa imekwisha kulia. Alisukuma mlango kwa kidole, akakuta ukumbi umejaa na watu wote wameelekeza nyuso mbele, kwa Spika. Alitafuta mahali pa kujificha. Karibu na mlango, penye upepo, palikuwa na kiti kitupu cha mninga. Mwatime akainama ili asimzibe mtu, akakaa.

Msomaji ameshajua kilikuwa kiti gani. Yeye hakujua. Viti vyote vya Mgeni alivyoviona vilikuwa na koti, na hiki kilikuwa kitupu kama kiti chochote. Kiliwekwa pale mlangoni kwa heshima, maana inasemekana Mgeni hupenda hewa.

Hakuna aliyegeuka, na mjadala ukaendelea.

Aliyekuwa anasema ni profesa wa chuo kikuu, ambacho jengo lake lilijengwa kwa msaada wa Faraja na kupakwa rangi yake. Alisema kwamba ni kweli wanywaji wengi wa Faraja wamepoteza miguu. Lakini sayansi ni subira. Je, si kweli pia kwamba wote waliopoteza miguu walikuwa wamevaa viatu? Mtu anawezaje kulaumu kinywaji kabla hajavichunguza viatu? Aliomba muda wa kuvichunguza, jozi kwa jozi.

Akafuata mjumbe wa bonde la miwa. Huyu hakuwa mtu mbaya. "Watu wangu wanakata miwa ya Mgeni," alisema. "Mkimkasirisha akaenda nchi jirani, watakula nini? Dada yangu Kazija ana takwimu zake za miguu. Mimi nina watu wenye miguu miwili na njaa."

Mwatime aliona kwamba hayo yalimuuma Kazija kuliko yote, kwa sababu hayakuwa uongo mtupu.

Mwingine alikumbusha kwamba Takrima ilitia sahihi mkataba: Mgeni akihisi amevunjiwa heshima, anaweza kuishtaki nchi katika Baraza la Ng'ambo ya Mto, ambako mahakimu wanachaguliwa miongoni mwa watu wanaokula mezani kwake. "Na kule," alisema, "hatujawahi kushinda. Hata chai hatujapewa."

Mwishowe alisimama Bwana Fadhloun. Hakupandisha sauti.

"Waheshimiwa, mguu ni wa nani? Wa mwenye mguu. Mgeni hamshiki mtu akamnywesha. Anachosema ni kwamba watu watembee zaidi, na mnajua mwaka jana aligawa viatu vya kukimbilia."

"Tuligawiwa kimoja kimoja," alisema mzee mmoja mwenye mkongojo, aliyekaa safu ya mbele.

"Kwa sababu tunajali mahitaji ya kila mmoja, mzee wangu." Ukumbi ukacheka, na mzee naye akacheka, kwani lilikuwa jibu zuri. "Halafu picha hii. Mguu wenye bandeji mezani pa karamu? Nani kati yetu angemwekea mgeni kitambaa cha kidonda juu ya sahani? Mgeni ameshajiahidi mwenyewe kwamba atakuwa mwangalifu. Tuiamini ahadi yake, kama tunavyotaka ahadi zetu ziaminiwe." Akamgeukia Kazija kwa upole. "Dada yangu ana uchungu wa mama. Tunauheshimu. Lakini uchungu si sheria."

Kazija alisimama, jembe mkononi, na kabla hajasema kitu Spika alimwashiria akae. Muda wake ulikuwa umekwisha. Ulitumika kusoma salamu za wafadhili.

Spika wa Takrima alikuwa mzee mkavu, aliyeipenda desturi kuliko alivyowapenda watu, lakini aliipenda kweli. Alikohoa, akasema maneno yanayosemwa kila mara kabla ya kura: "Neno la aliyekaa katika Kiti halipingwi. Na Mgeni, anasemaje?"

Desturi ni kwamba ukumbi mzima hugeuka kukitazama Kiti. Kiti hunyamaza. Mshika Koti husema, "Mgeni amenyamaza, na kunyamaza kwake ni kukataa," halafu watu huenda kula.

Ukumbi mzima uligeuka. Kitini alikaa msichana mwembamba mwenye ushungi wa maua madogo, mikono katikati ya magoti.

Mwatime alipoelewa amekaa wapi, damu ilimpanda usoni. Akaanza kuinuka.

"Samahani," alisema. "Palikuwa pamebaki hapa tu."

"Mtoeni," Bwana Fadhloun alisema, akitabasamu bado.

"Hatoki mtu," alisema Spika. Alikuwa amefungua kitabu cha desturi na pua yake ilikuwa ndani. "Imeandikwa: aliyekaa katika Kiti. Haikuandikwa nani. Wewe binti ni mwenyeji wa hapa?"

"Hapana, babu. Mimi ni mgeni."

Manong'ono yakapita ukumbini kama upepo kwenye mahindi.

"Mheshimiwa Spika, huu ni mchezo," Bwana Fadhloun alisema. "Huyu si Mgeni."

"Basi Mgeni ni nani? Tumwite aje akalie kiti chake."

Mshika Koti alisita, na kwa mara ya kwanza Mwatime aliona kwamba hata yeye alikuwa kijana. "Mgeni ni wengi," alisema. "Ni watu walionunua sehemu sehemu za Kampuni. Wako mbali. Wanabadilika kila siku. Mimi mwenyewe sijawahi kumwona."

"Yaani miaka yote hii," alisema yule mzee wa safu ya mbele, "nimekuwa nikimwinamia koti?"

"Binti," Spika alisema, "Baraza linakungoja. Unasemaje?"

Mwatime alitamani sakafu ipasuke. Hakujua kuhutubia. Alichokuwa nacho ni kitu kilichokuwa kinamsumbua tangu jana mkekani, kitu kidogo ambacho angewauliza watoto wake wa darasa la pili. Akawaza kwamba hawa nao ni watu tu waliokaa mistari, akauliza kwa sauti ileile.

"Mimi nilitaka kujua. Kwenye mkongojo wa Bi Zamda pamechorwa chupa. Na wa huyu babu hapa mbele pia. Sasa, kama chupa imechorwa kwenye mkongojo, mbona mkongojo haujachorwa kwenye chupa?"

Watu walimtazama mzee wa safu ya mbele. Mzee naye aliutazama mkongojo wake, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Mkongojo ni tusi?" Spika alimuuliza Bwana Fadhloun.

Mshika Koti alifungua mdomo. Kusema ndiyo kungekuwa kuitukana zawadi ya Mgeni, mbele ya Kiti. Kusema hapana kungekuwa kukubali uchorwe. Akainama kwa adabu, akanyamaza, na Spika, ambaye maisha yake yote alifundishwa maana ya kimya cha upande ule, alichanganyikiwa.

"Hilo hata hivyo ni swali," alisema hatimaye. "Linalohitajika ni neno. Utoe neno, binti."

"Basi uchorwe," Mwatime alisema, karibu asisikike.

Neno la aliyekaa katika Kiti halipingwi. Spika alilitangaza, na uso wake ukang'aa kwa furaha ya mtu aliyeona kanuni ikifanya kazi. Kazija alikuwa bado ameshika jembe. Alilitazama kama hajui limefikaje mkononi mwake.

"Tunalipokea neno la Mgeni," alisema Bwana Fadhloun, aliyekwisha kupata nguvu. "Tena kwa mikono miwili. Ila neno limesema uchorwe, halikusema wapi. Kampuni itauchora kitakoni mwa chupa, chini kabisa, pasipoharibu sura."

Wajumbe walipiga makofi kwa muda mrefu. Walikuwa wameogopa kwamba mtu angeshindwa. Mjumbe wa bonde la miwa alimkumbatia Kazija na kumwambia kwamba hii ndiyo Takrima.

Walipotoka, Kazija alipita penye shimo lake tupu bila kuliangalia. "Kitakoni," alisema. "Nani hutazama kitako cha chupa?"

Moyoni Mwatime aliona haya kwamba hakusema "mbele". Neno moja tu.

*

Alikawia Takrima mpaka chupa mpya zilipotoka, kwa sababu alitaka kuziona, na pia kwa sababu Bi Zamda hakutaka aondoke. Shomvi ndiye aliyeleta ya kwanza. Alikuja nayo mchana, imetoka kwenye barafu, inavuja jasho. Kidonda chake kilikuwa bado kimefungwa, na kitambaa kilikuwa kimepanda kutoka kidoleni hadi kwenye kifundo.

"Mbona sioni kitu?" alimtania dada yake, akiizungusha. "Mmelumbana bure. Sura ni ileile."

Kazija alilitazama koti. Alikuwa ameshinda, na sheria zote mbili zilikuwa palepale.

Shomvi alikaa mahali pake pa siku zote, akiwa ameelekeana na mama yake. Akainua chupa, akarudisha kichwa nyuma, akanywa.

Bi Zamda aliacha kutafuna.

"Shomvi," alisema. "Hebu kaa hivyo hivyo. Usiishushe." Akaegemea mbele, macho ameyafinya, mkono mmoja ukipapasa mkekani mpaka ukaugusa mkongojo. Mtu anayekunywa haoni kitako cha chupa. Anayekiona ni aliyekaa mbele yake. "Huu si wangu?"

"Upi, mama?"

"Huo unaonielekezea."

Shomvi aliigeuza chupa atazame chini yake, akasahau kwamba haijaisha. Faraja ikamwagika, zambarau na vipande vya barafu, juu ya mguu wake wenye kitambaa, ikaenea katikati ya vidole.

Hakuurudisha mguu. Wala hakushtuka. Alibaki anautazama ukilowa, na ule mzaha aliokuja nao mlangoni ukamtoka usoni polepole.

"Dada," alisema. "Hiyo ni baridi?"

Kazija alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya vidole vya mdogo wake.

"Baridi sana," alisema. Halikuwa tusi, wala hakusengenya. Alijibu alichoulizwa.

Shomvi akanyoosha mkono, akaiweka ile chupa mbele ya kiti chenye koti, juu ya sahani ya Mgeni, akaomba maji.